Mwenye Lupango Ni Anayetajwa Kitabuni

Pita komini za Lubumbashi, Katuba, Kenya au Ruashi, ukisoma kuta. Hapa na pale mtu ameandika kwa rangi, kwa Kifaransa, kwamba lupango hili, yaani kiwanja, haliuzwi. Mwenye nyumba anamwonya mnunuzi: yuko ndugu, mpangaji au tapeli anayeweza kukutembeza uani, akapokea franga zako, kisha asionekane tena. Onyo ni zuri, ila rangi ya ukutani haimtishi hakimu. Hakimu huuliza kitabu kinasemaje.

Sheria ya 20 Julai 1973 iliweka msingi ambao wengi bado wanaushangaa: ardhi yote ya Kongo ni mali ya Dola. Raia hupewa haki ya kuitumia, yaani konsesio. Mkongomani anaweza kupata ya kudumu na kuirithisha; wageni na makampuni hupata ya muda, isiyozidi miaka 25, ingawa hurudiwa. Sheria hiyo ikataja ushahidi mmoja tu wa haki hiyo: cheti cha usajili.

Cheti huzaliwa pacha. Mmoja hubaki katika kitabu cha konsevateri, msajili wa hati za ardhi; wa pili huenda nyumbani na mwenyewe. Mtindo huu ulitoka mbali. Mwaka 1858, huko Australia Kusini, Robert Torrens aliuleta kwenye ardhi utaratibu wa kusajili meli: anayetajwa daftarini ndiye mwenye chombo. Dola Huru la Kongo liliuchukua kabla Élisabethville, Lubumbashi ya leo, haijaanzishwa mwaka 1910.

Njia ya kukifikia cheti ina hatua zake. Wapimaji wa kadastri hupima na kusimika mawe ya mpaka. Hufuata mkataba wa kupanga, usiozidi miaka 3, ili mtu aonyeshe kwamba anajenga kweli. Akishajenga, ndipo hupata konsesio na cheti.

Wengi huishia katikati ya safari. Wana karatasi ya komini, wana hati ya mauziano iliyotiwa saini mbele ya mashahidi, wakaifungia sandukuni na kulala usingizi. Hati hiyo inaonyesha kwamba fedha zilitoka mkononi. Haki yenyewe haijahama. Huhama siku konsevateri anapofuta cheti cha muuzaji na kuandika kipya kwa jina la mnunuzi. Kabla ya hapo kitabu bado kinamtambua muuzaji, naye akipatwa na tamaa anaweza kumuuzia mtu wa pili. Wa pili akiwahi kuandikwa, wa kwanza atabaki kudai fidia.

Msiba nao hufungua mlango huohuo. Sheria ya familia ya 1987 huwapa watoto robo tatu ya urithi, lakini kitabu hakihudhurii matanga. Kitaendelea kumtaja marehemu hadi warithi waende ofisini na hati zao. Wakichelewa, baba mdogo hujifanya mwenye mali, na kuta huanza kupakwa rangi.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutoa hata franga moja mwombe muuzaji namba ya cheti chake, juzuu na folio, uende nayo kwa konsevateri ukaulize kitabu kinamtaja nani. Ukishanunua, rudi palepale hadi kikutaje wewe.