Homa ya kila ukisafisha banda: si lazima iwe malaria

Ukienda Chilangala, Newala, wapo wanaoingiza kuku ndani kila jioni, maana nje kuna mwizi na kicheche. Sawa, kuku wamepona. Kifua chako je?

Manyoya na mavi yaliyokauka hutoa vumbi laini lenye protini za ndege. Kwa baadhi yetu, kinga ya mwili huliona vumbi hilo kama adui. Wengi wao hupiga chafya tu au kubanwa na pumu. Wachache hupata shida nzito zaidi: masaa 4 hadi 8 baada ya kulivuta, wanashikwa na homa, baridi na kikohozi kikavu. Hapo nani hatasema malaria? Mwaka 1965 madaktari wa Marekani waliueleza ugonjwa huu kwa wafuga njiwa. Ukiendelea kuvuta vumbi, mapafu yanaweza kupata makovu yasiyofutika.

Basi, kipimo cha malaria kikionyesha huna, na homa inarudi kila ukisafisha banda, mwambie daktari kwamba unafuga ndege. Kuku wajengewe banda imara nje, lenye kufuli. Kabla ya kufagia, vaa barakoa na nyunyiza maji. Newala maji ni ya kuhesabu, lakini kopo moja linatosha kulaza vumbi.