Mkalimani kati ya Kihispania na Kikorea katika Sayansi za Jamii

Mnamo mwaka 1905 Wakorea zaidi ya elfu moja walipanda meli huko Incheon, wakaenda Meksiko kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Yucatán. Wazao wao leo husema Kihispania, na wengi wao Kikorea kimekwisha kuwapotea. Mtaalamu wa Seoul atakaye kuwahoji wazee hao, au mwanasosholojia wa Meksiko aalikwaye Korea kueleza habari zao, hana budi kumtafuta mkalimani.

Ifahamike kwanza kwamba mkalimani si mfasiri. Mfasiri ana maandishi mbele yake, ana kamusi na muda. Mkalimani ana sauti ipitayo. Tena sarufi za lugha hizi mbili zinavutana. Kihispania, kama Kiswahili, kwa kawaida hutaja kitenzi mapema. Kikorea hukiweka mwishoni mwa sentensi, na mara nyingi hata alama ya ukanusho hungoja hapo. Anayekalimani papo kwa papo hulazimika kuvuta subira, bila kujua bado kama msemaji anakubali au anakataa.

Hata hivyo, sarufi hufunzwa ikazoeleka. Hatari kubwa zaidi imo katika istilahi. Litazamwe neno *pueblo*, ambalo wanasayansi wa jamii wa Amerika ya Kilatini hawawezi kuandika ukurasa bila kulitumia. Kwa Kikorea laweza kuwa *gungmin*, raia wa dola. Au *minjok*, taifa lenye asili moja. Au *minjung*, wanyonge wanaokandamizwa, neno lililopata nguvu katika harakati za kupinga udikteta miaka ya 1970 na 1980. Au *inmin*, ambalo Korea ya Kaskazini imeliingiza katika jina lake rasmi, na ambalo kwa sababu hiyo Kusini huepukwa. Msomaji wa Kiswahili, mwenye kupima kila siku kati ya umma, raia, wananchi na taifa, hahitaji kuelezwa zaidi. Mkalimani akiteleza hapa, mgeni aliyezungumzia wakulima wa kijijini kwake ataonekana kuwa ametangaza msimamo wa kisiasa, katika nchi ambayo Sheria yake ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1948 ingali ikitumika.

Wapi basi apatikane mtu wa namna hiyo? Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, kilichoanzishwa Seoul mwaka 1954, kina shule ya uzamili ya ukalimani na tafsiri tangu 1979. Lakini wahitimu wa Kihispania ni wachache kuliko wale wa Kiingereza, na waandaaji wa mikutano hukimbilia njia ya kupokezana: mmoja hutoa Kihispania katika Kiingereza, wa pili hutoa Kiingereza katika Kikorea. Njia hiyo ni nyepesi, nayo ni mbaya kwa somo hili, kwa maana Kiingereza hulipa *pueblo* neno moja pana, na mkalimani wa pili hana namna ya kujua lilikuwa lipi kati ya yale manne.

Afadhali kumpima mtahiniwa kwa ukurasa mmoja wa hotuba yenyewe. Anayejibu mara moja kwamba *pueblo* ni neno fulani aachwe. Anayeuliza nani anasema, na juu ya nani, apewe kazi, pamoja na hotuba nzima siku kadhaa kabla, na mwenzake wa kumpokea kila baada ya nusu saa.