Nyumba za mawe za Unguja na pembe za inchi yetu

Katika vitabu vya historia wafratri wetu wanakuta mara nyingi jina la Unguja. Lakini wengi hawajui ile sehemu ya muji inayoitwa Mji Mkongwe imejengwa namna gani, wala kwa mali ya nani. Tunataka kueleza mambo hayo mawili kwa kifupi. Mutu wa Masisi au wa Walikale akijua kusoma ukuta wa Unguja, atakuta ndani yake habari za kwao.

I. Muji ulikua namna gani

Zamani rasi ya Shangani ilikuwa mahali pa wavuvi, wenye nyumba za udongo na makuti. Wareno walifika katika karne ya 16, wakajenga huko kanisa dogo. Mwisho wa karne ya 17 Waarabu wa Omani waliwafukuza, na mahali pa kanisa lile wakajenga ngome, ambayo ingali imesimama.

Lakini muji wa mawe ni kazi ya karne ya 19 hasa. Kati ya 1832 na 1840 Sultani Seyyid Said alihamisha makao yake toka Maskati mpaka Unguja. Mashamba ya karafuu yakaenea, na wafanya biashara wakaja toka pande zote. Marekani iliweka konsula wake mwaka wa 1837, Uingereza mwaka wa 1841, Ufaransa mwaka wa 1844. Wahindi walifungua maduka, na wengine wao wakawa wakopeshaji wa feza. Kila taifa lilijenga kwa desturi yake, lakini mawe yalikuwa yale yale.

Mwaka wa 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu, yenye nguzo za chuma na baraza pande zote. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mizinga muji kwa muda usiotimia saa moja. Nyumba ya sultani iliyokuwa karibu ikabomoka, lakini Beit al-Ajaib ikabaki. Mapadri wa Roho Mutakatifu, waliofika Unguja mwaka wa 1863, walijenga kanisa kubwa la Mutakatifu Yosefu kati ya 1893 na 1898. Minara yake miwili inaonekana toka baharini.

II. Nyumba imejengwa namna gani

Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, yaliyoungwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe inapatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo juu ya kuni nyingi. Jiwe hili ni jepesi, tena lina matundu. Kwa hiyo ukuta unapaswa kuwa munene, nusu metre na zaidi, na ndani kunakaa baridi hata saa sita.

Dari inalala juu ya boriti za mikoko, ambazo nyingi zilitoka katika delta ya muto Rufiji. Boriti ya namna hii haipiti sana metre tatu. Ndiyo sababu vyumba vya Unguja ni virefu lakini vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Aliyepima chumba si tajiri, ni muti. Watu wetu wa pori la Walikale wanafahamu jambo hili bila kufundishwa, kwani fundi akikata miti mifupi hawezi kuahidi nyumba pana.

Njia ni nyembamba sana, kusudi nyumba zitiliane kivuli na upepo wa bahari upite katikati. Inje ya ukuta kuna baraza, kiti cha mawe ambapo mwenye nyumba anawapokea wageni pasipo kuwaingiza kati ya wanawake na watoto. Kisha kuna mulango wa mbao, uliochorwa kwa patasi. Ile ya desturi ya kiarabu ina kizingiti kilichonyooka juu. Mingi ya kihindi ina tao. Mulango ulitangaza cheo cha mwenyewe mbele ya mutu kubisha hodi.

III. Mali ilitoka wapi

Hapa ndipo habari inatugusa. Mali ya Unguja ilikuwa karafuu, pembe za tembo na watumwa. Watumwa ndio waliolima karafuu. Sehemu kubwa ya pembe ilitoka Maniema, inchi inayopakana na Walikale, ikapita Nyangwe na Kasongo, kisha Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, alitajirika kwa njia hiyo. Nyumba yake ingali Unguja, na ndani ya muji ule alikufa mwaka wa 1905. Watu wetu walibeba pembe, na wengi walifungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na mahali pake Waanglikani wakajenga kanisa lao.

Tusifanye habari hii kuwa silaha ya kuwapiga majirani zetu Waislamu. Waliokamata watu hawakuwa Waarabu peke yao: walikuwako watu weusi wenye bunduki, hata wana wa Maniema, na watemi waliouza watu wao wenyewe. Na pembe hazikubaki Unguja. Zilikwenda Ulaya na Marekani, zikawa vibao vya piano na mipira ya biliardi. Mikono iliyonunua ilikuwa safi, kwa sababu ilikuwa mbali.

Tukumbuke tena kwamba njia ile ile ilituletea lugha. Kiswahili tunachohubiri leo kilipanda toka pwani pamoja na misafara. Na mwezi wa Juni 1878 Mapadri Weupe wa kwanza waliondoka Bagamoyo kwa njia hiyo hiyo kwenda kwenye maziwa makubwa. Minyororo na Injili zilipita katika kijia kimoja. Mwalimu wa dini asiwafiche watu neno hata moja kati ya hayo mawili.

Leo pembe zimekwisha, lakini mizigo ingali inashuka. Koltani ya Rubaya na kasiterite ya Bisie zinakwenda kutajirisha miji ambayo wachimbaji hawataiona. Padri anayefundisha haki anaweza kuanza na swali hili jepesi: nyumba hii nzuri, ni nani aliyebeba muzigo wake?

IV. Fundisho kwa parokia zetu

Baada ya mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi walikimbia Unguja. Jamaa nyingi zikaingia katika nyumba moja, na hakuna aliyejiona mwenye kutengeneza paa. Maji ya mvua yakaoza ncha za boriti, na kuta zikafunguka. UNESCO iliandika muji ule katika urithi wa ulimwengu mwaka wa 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 upande mumoja wa Beit al-Ajaib ulianguka, ukaua watu wawili. Cheo hakizuii maji kuingia.

Mafundi wanatuonya pia juu ya simenti. Ukuta wa chokaa unanyonya maji na kuyatoa tena. Ukipakwa simenti ngumu, maji yanafungwa ndani na kuula pole pole. Tufikiri hayo mbele ya kupaka simenti juu ya kuta zetu za zamani, zilizojengwa kwa matofali na udongo. Kwanza tutengeneze manjanja, tusafishe mifereji, tutazame vichwa vya miti. Rangi ije nyuma.

Lakini ukuta hata ukitunzwa unaweza kupotea. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliteketeza kanisa kubwa la Mutakatifu Yosefu la Goma. Kwa hiyo, wandugu makatekista, waulizeni wazee wangali hai: matofali ya kanisa yalichomwa wapi, nani aliyeyabeba kichwani, je, alilipwa au alilazimishwa? Yaandikeni majina katika daftari ya parokia. Jina la aliyejengesha linaandikwa juu ya mulango. La aliyebeba jiwe halina mahali, tusipolipatia sisi.