Safari za Watafiti wa Hesabu

Wengi wetu hudhani kwamba mtu akienda ng'ambo kwa elimu hana budi kukaa huko miaka mingi. Nataka kuwaeleza safari ya namna nyingine, iwafaayo vijana watafiti wanaofanya hesabu zao kwa kompyuta: mtu huenda miezi michache, hulipiwa nauli na posho, kisha hurudi kazini kwake.

Jambo hili lilitokana na taabu ya mtu mmoja. Abdus Salam, mtaalamu wa fizikia, alirudi kwao Pakistan mwaka 1951 kufundisha. Alijiona mpweke, maana hakuwa na wenzake wa kujadiliana nao elimu yake. Mwaka 1954 akarejea Cambridge, Uingereza. Lakini hakuisahau taabu ile, na mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia, ili mtaalamu wa nchi maskini asilazimike kuchagua baina ya elimu na nchi yake.

Kituo hicho kina mpango kwa wanafunzi wa shahada ya udaktari. Mwanafunzi huwa na wasimamizi wawili, mmoja wa kwao na mmoja wa huko, naye husafiri mara kadhaa. Shahada yenyewe hutolewa na chuo cha kwao. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Msomaji atauliza: kuna haja gani ya kusafiri, na hesabu zaweza kupelekwa kwa intaneti? Tutazame mfano wa kwetu. Mto Nile upitao hapa Juba huingia katika kinamasi cha Sudd, na karibu nusu ya maji yake hupotea humo kwa kugeuka mvuke. Atakaye kujua mafuriko yatafika wapi huigawa nchi katika miraba midogo midogo, akahesabu maji yaingiayo, yatokayo na yapandayo hewani katika kila mraba. Kompyuta nyingi zilizounganishwa hugawana kazi hiyo, na zaweza kutumika kwa mbali. Lakini kosa lililojificha katika programu laweza kumsumbua mtu mpweke mwezi mzima, na mjuzi aliyeketi karibu naye akaliona kwa saa moja.

Wala si lazima kuvuka bahari. Tangu 2018 iko Kigali, Rwanda, taasisi iliyo mshirika wa kituo cha Trieste.

Basi ninyi mliokwisha kumaliza hapa na mko vyuoni, ulizeni mapema. Nasi tulio madarasani tushike hesabu. Mafuriko yaliyoanza 2019 yaliwahamisha watu wengi wa Jonglei na Unity. Ni heri maji yale yahesabiwe na mtu ambaye nyumba ya mama yake imo katika mmoja wa miraba ile.