Majengo ya kale Lushoto: Mali bila daftari

WAHENGA walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo kila mwenye duka anaujua, nao unayagusa pia majengo ya kale ya Lushoto.

Mji huo wa Milima ya Usambara, mkoani Tanga, Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Walitimuliwa mwaka 1916, lakini baadhi ya nyumba zao zingalipo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba za Wajerumani ni za baadaye, hivyo hulindwa pale tu Waziri anapozitangaza. Ili zitangazwe, kwanza zijulikane.

Katika kazi hiyo kila jengo hupewa namba, hupigwa picha na kupimwa. Huandikwa umri, mmiliki, matumizi, na hali ya paa na kuta. Kisha hupangwa daraja: lipi lisiguswe, lipi libadilishwe ndani tu. Zanzibar ilikamilisha mpango wa Mji Mkongwe mwaka 1994. Mwaka 2000 mji huo ukaingia Urithi wa Dunia.

Mwenye nyumba ana haki ya kuhofia gharama. Ndiyo maana makisio ya ukarabati yaingie katika daftari hilo hilo, ijulikane mapema nani atachangia nini. Mkulima naye ana lake: mgeni anayekuja kutazama mji hula viazi, karoti na mapeasi ya hapo hapo.

Kwa sasa, mwenye nyumba atunze hati, risiti za matengenezo na picha za zamani. Mpimaji akija, ataanza kuulizia hizo.