Maneno Yaliyojificha Ndani ya Herufi

Mji wa Moi's Bridge, ulio kati ya Eldoret na Kitale, zamani uliitwa Hoey's Bridge. Jina hilo lilitokana na Arthur Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia. Baada ya Uhuru jina la Hoey liliondolewa, na la Daniel arap Moi likawekwa mahali pake. Lakini neno BRIDGE, yaani daraja, limesalia vilevile.

Basi tulichukue neno hilo lenye herufi sita. Tukizipanga upya, pasipo kuongeza herufi yoyote, twapata BIRD, ndege, BRIDE, bibi arusi, RIDGE, tuta, DIG, chimba, na RED, nyekundu. Katika HOEY'S twapata SHOE, kiatu; HOSE, mpira wa kumwagilia maji; na YES, ndiyo. Tena jina lenyewe laanza na HOE, ambalo maana yake ni jembe.

Huenda msomaji akauliza: mchezo huu wamfaa nini mkulima mwenye mahindi ya kupalilia, au karani mwenye barua za kujibu? Jawabu ni kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na mikataba, risiti na mitihani mingi huandikwa kwa Kiingereza. Mtu aandikapo Kiingereza kwa kufuata sikio lake tu, hukosea. Mathalan, DROUGHT ni ukame, bali DRAUGHT ni upepo upenyao ndani ya nyumba. Mkulima aombaye msaada kwa sababu ya ukame, akiweka A mahali pa O, ameomba msaada kwa sababu ya upepo.

Tutazame herufi nne hizi: O, U, G na H, zikifuatana. Mkulima atazikuta katika maneno mengi ya kazi yake. PLOUGH ni plau, nalo hutamkwa plau. TROUGH ni hori la kunyweshea ng'ombe, nalo hutamkwa trof. ENOUGH, maana yake ya kutosha, hutamkwa inaf. BOUGHT, maana yake alinunua, hutamkwa bot. THROUGH, maana yake kupitia, hutamkwa thruu. Herufi ni zile zile nne, lakini sauti ni tano mbalimbali!

Sababu yake ni ya kale. Zamani Waingereza walizitamka G na H pamoja kwa sauti ya kooni, karibu na kh ya Waarabu. William Caxton alileta uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, na baada yake tahajia ikaanza kukaa mahali pamoja, hali ndimi za watu zikiendelea kubadilika. Sauti ile ikapotea katika maneno mengine, na katika mengine ikageuka kuwa f, lakini herufi zake zikabaki.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Kwa muda mrefu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tahajia ya herufi za Kirumi ilisanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kwa kufuata Kiswahili cha Unguja. Kwa hiyo tuandikavyo ndivyo tusemavyo. Tena silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Linganisha neno letu nguvu na STRENGTH la Kiingereza: herufi nane, na irabu moja tu! Kadhalika, sisi twaanza neno kwa nz, kama nzige au Nzoia, lakini Mwingereza hana neno la kawaida lianzalo hivyo.

Basi atakaye kutafuta maneno ya Kiingereza ndani ya herufi alizopewa na ashike njia hizi. Kwanza, atenge irabu na konsonanti. Pili, akumbuke kwamba kidole kimoja hakivunji chawa: Q hutembea na U karibu daima, C, S na T hupenda kuandamana na H, nazo CK hazianzi neno. Tatu, atazame miisho, kama vile ING, ER na ED. Nne, aziandike herufi kwa mviringo, jicho lisije likang'ang'ania neno la kwanza. Tano, azipange kwa mfuatano wa alfabeti. Hapo ataona kwamba BREAD, mkate, na BEARD, ndevu, yote mawili ni A, B, D, E, R.

Mmarekani Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekosa kazi katika miaka ya 1930, alihesabu herufi zilizotumika magazetini, akabuni mchezo ulioitwa Scrabble mwaka 1948. Una vipande 100: E ina 12, lakini Q na Z zina kimoja kimoja. Mwaka 2015 Mnaijeria Wellington Jighere aliwashinda mabingwa wa dunia wa mchezo huo kwa Kiingereza, huko Perth, Australia. Ni Mwafrika wa kwanza kupata ushindi huo.

Lakini yafaa tuonyane. Mwaka huo huo Nigel Richards wa New Zealand alishinda mashindano ya dunia ya Kifaransa, hali hajui kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri orodha ya maneno tu. Huo ni ustadi mkubwa, lakini hautamwezesha mtu kusoma mkataba. Kwa hiyo kila neno ulionalo, lifuate katika kamusi, ujue maana yake, kisha ulitumie katika sentensi.

Jioni, kazi zikiisha, waite watoto mezani, uwape neno WHEAT, ngano, zao lilimwalo sana Uasin Gishu. Ndani yake mna EAT, kula, TEA, chai, HEAT, joto, na HAT, kofia. Yamebaki mengine kadha wa kadha. Waachie watoto wayatafute, na atakayeleta neno na aulizwe kwanza maana yake.