Picha ya Mchezaji Mwanagenzi na Zaka Iliyopungua



Jumamosi moja mama mmoja alikuja katika ofisi ya parokia yetu, huku Mlola, amemshika mkono mwanawe wa miaka 12. Mkono wa pili alichukua kadi ya zaka na kopo la biskuti. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala usiku.

"Mwalimu," akasema, "Jumapili iliyopita nilimpa huyu shilingi 10,000 alete kwako. Mbona katika kadi umeandika 6,500?"

Nikafungua daftari. Kweli, nilipokea 6,500, nikatia sahihi. Basi mama akafungua lile kopo, akalimimina juu ya meza. Zikaanguka picha ndogo za wachezaji wa mpira, zile ziuzwazo madukani pamoja na bablishi. Tulizihesabu, zikawa 62. Picha 35 mtoto alizinunua kwa shilingi mia mia, na fedha ilikuwa ya zaka. Nyingine alizishinda kwa wenzake katika mchezo wa kuzipiga kwa kiganja: ikigeuka ni yako, isipogeuka umeliwa.

"Nizichome moto?" mama akauliza.

Nakiri, msomaji, neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa "Choma". Lakini nilimgeukia mtoto nikamwuliza kwanza sababu yake. Akajibu machozi yakimtoka: "Shikamoo, Mwalimu. Wakubwa waliniambia kwamba picha ya mchezaji anayeanza, ukiitunza vizuri, Wazungu huinunua kwa mamilioni. Nilitaka kumjengea mama nyumba ya bati."

Je, mtoto huyu alidanganywa? Maneno aliyoambiwa yalikuwa nusu kweli. Na nusu ya kweli hupoteza watu wengi kuliko uongo mtupu, maana uongo mtupu watu huujua upesi. Kwa hiyo yafaa wazazi tuyajue mambo haya yote mawili, kweli yake na uongo wake.

ASILI YA PICHA HIZI

Zamani, katika miaka ya 1880, watengenezaji wa sigara wa Marekani walianza kutia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike. Baadaye wakaona ni hasara kuacha karatasi tupu, wakachapa picha juu yake: wachezaji, askari, wanyama, waigizaji. Watu wakapenda kuzikusanya, na mtu aliyetaka kutimiza hesabu yake alilazimika kununua sigara nyingi zaidi. Hiyo ndiyo hila ya biashara hii tangu mwanzo, nayo haijabadilika hata leo. Baba alivuta sigara, mtoto akaomba picha.

Huko Kanada mchezo upendwao sana ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Sisi watu wa Usambara twajua baridi ya mwezi wa saba, lakini wenzetu hawa hukimbia juu ya maji yaliyoganda, wamevaa viatu vyenye chuma chembamba kama kisu chini yake. Picha za wachezaji wao zilianza kutiwa katika pakiti za sigara karibu na mwaka 1910. Katika miaka ya 1930 zikahamia katika bablishi, na hapo watoto wakawa wanunuzi wenyewe. Kampuni moja iliyojulikana sana kwa kazi hiyo ni O-Pee-Chee, ya mji wa London katika jimbo la Ontario.

Na huko Italia, katika mji wa Modena, ndugu wa ukoo wa Panini walianza mwaka 1961 kuuza picha za wachezaji wa kandanda za kubandika katika kitabu. Jina la Panini sasa lajulikana katika nchi nyingi sana.

KWA NINI PICHA YA MWANAGENZI?

Mchezaji akichapwa picha kila mwaka kwa miaka ishirini, atakuwa na picha nyingi. Lakini picha ya mwaka wake wa kwanza haiwezi kurudiwa. Wakati ile ya kwanza inapotoka, hakuna ajuaye kama atakuwa bingwa, basi watu wengi huitupa au huichezea mpaka inachakaa. Akiwa bingwa baadaye, kila mkusanyaji huitafuta ile ya uanagenzi, na zilizobaki nzima ni chache. Sababu ni hizo tatu: ni ya kwanza, ni chache, tena ni nzima.

Mfano mkubwa ni Wayne Gretzky wa Kanada. Mwaka 1979 alianza kucheza katika ligi kubwa ya magongo ya barafuni akiwa kijana wa miaka 18, na O-Pee-Chee wakachapa picha yake. Akawa mchezaji asiye na mfano. Wako watu ambao kazi yao ni kuzipima picha hizi na kuzipa alama kutoka 1 mpaka 10, wakitazama pembe, kingo, wino, na kama picha imekaa katikati sawasawa. Picha moja ya Gretzky iliyopata alama 10 iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 3.75, yaani zaidi ya shilingi bilioni 8. Hiyo ndiyo nusu iliyo kweli.

MTANZANIA WETU

Sasa nawaletea mfano wa nyumbani. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1987, alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Ni kijana mrefu kupita kiasi, mita 2.21, mlango wa nyumba zetu huku milimani ungemfikia kifuani tu. Akaenda Marekani, akasoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwezi wa Juni mwaka 2009, timu kubwa za Marekani zilipochagua vijana wapya, yeye aliitwa wa pili katika nchi nzima, akachukuliwa na timu ya Memphis. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile ya NBA. Twaweza kujivunia.

Picha zake za uanagenzi zikachapwa na Panini na wengine. Fikiri basi, msomaji: mtu mwenye akili angenunua picha ya nani mwaka ule? Bila shaka ya yule aliyeitwa wa pili, na siyo ya yule aliyeitwa wa saba, kijana mwembamba aitwaye Stephen Curry, ambaye wengi walisema hana nguvu za kutosha.

Tazama yaliyotokea. Thabeet alicheza katika timu nne za ligi ile mpaka mwaka 2014, kisha akaendelea kucheza nchi nyingine, hata Taiwan. Alikula jasho lake kwa heshima, lakini hakuwa bingwa mkuu kama walivyotabiri. Picha zake nyingi za kawaida huuzwa kwa dola chache tu. Yule wa saba akawa bingwa mara nne pamoja na timu yake, na picha yake moja ya uanagenzi, ambayo ni moja tu duniani, mwaka 2021 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 5.9.

Waliochagua vijana hao walikuwa wataalamu, waliolipwa mishahara minono kwa kazi hiyo tu. Nao hawakujua. Je, mtoto wa darasa la sita, kando ya duka la bablishi, atajuaje?

KILICHOKUWA KATIKA KOPO

Nilizitazama picha za kijana wetu moja moja. Zilikuwa za karatasi nyepesi. Hazikuwa na jina la kampuni, wala mwaka, wala namba. Nyingi zilikuwa za mabingwa wa siku nyingi, siyo za wanagenzi. Pembe zote zimekunjika kwa kupigwa viganja. Mtu wa kazi hiyo asingetoa hata senti moja.

Tena hata picha halali si lazima ziwe mali. Mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, Wamarekani wengi walinunua picha za wachezaji wakaweka masanduku kwa masanduku, wakidhani zitasomesha watoto wao. Kampuni zikaona tamaa ile, zikachapa nyingi mno. Kila mtu akatunza, hakuna aliyetupa. Kwa hiyo hazikuwa chache, na picha hizo nyingi leo hazina bei. Tulimaji sisi twalijua jambo hilo bila kufundishwa: siku wote wanapoleta kabichi gulioni, kabichi hurudi nyumbani.

Nilimweleza kijana mambo haya yote pole pole. Hakulia tena. Akauliza swali moja tu: "Basi, Mwalimu, mimi nimeiba bure?"

Nikamjibu: "Mwanangu, hata zingekuwa za mamilioni, ungekuwa umeiba."

WAZAZI WAFANYEJE?

Kwanza, tusichome moto. Mama yule aliniuliza sababu, na nikamwambia kwamba ukichoma, mtoto atajifunza kuficha vizuri zaidi. Kupenda kukusanya vitu si dhambi. Sisi wenyewe twatunza katika vitabu vya sala zile picha ndogo za watakatifu tulizopewa siku ya Komunyo ya Kwanza. Nani kati yetu angeiuza ya kwake? Mtoto anayepanga picha zake kwa majina na kwa nchi anajifunza kuwa na utaratibu, kusoma, na kuijua dunia. Yafaa mzazi aketi naye amwulize: Huyu atoka nchi gani? Nchi hiyo iko wapi? Alianza mwaka gani? Sasa ana miaka mingapi?

Pili, tukataze kabisa mchezo wa kuliana. Leo ni picha, kesho ni shilingi, kesho kutwa ni mashine za kamari. Kubadilishana moja kwa moja, kwa hiari ya wote wawili, hakuna ubaya.

Tatu, fedha ya picha itoke katika jasho la mtoto mwenyewe. Shilingi 3,500 ni fedha ya daftari za shule. Mtoto akizipata kwa kazi yake, atajua anachobadilisha.

Nne, fedha ya wengine irudishwe, na arudishe yeye mwenyewe. Mama alitaka kulipa pale pale. Nikamwomba asilipe. Bibi yake kijana ana mti wa mapeasi nyuma ya nyumba, akamruhusu achume na kuuza. Magulio matatu yakapita. Jumamosi ya nne nikasikia hodi. Akaingia peke yake, akaweka mezani sarafu na noti zilizokunjamana. Nikahesabu mbele yake: 3,500 kamili. Nikaandika katika kadi ya zaka, nikatia sahihi, naye akaitazama sahihi ile kwa muda mrefu kuliko alivyotazama picha yo yote.

Kopo lake bado analo. Siku hizi huandika nyuma ya kila picha jina la nchi na mwaka.

Wazazi wenzangu, mimi nimesomea ualimu, na nimewaona watoto wengi wakiitwa "hodari" na wengine "mzito" kabla hawajamaliza darasa la tatu. Kumbukeni yule wa pili na yule wa saba. Yule aliyepunguza zaka angaliweza kuitwa mwizi mbele ya kanisa zima, na jina hilo lingemkaa maisha. Sasa ni kijana aliyekosa na kulipa. Kila mtoto nyumbani mwako ni mwanagenzi bado, na mwisho wake aujuaye ni Mungu peke yake. Mtunze basi, usimkunje pembe.

Mungu azibariki nyumba zenu.